Nilivyofuatilia historia ya nyumba ya Kaburu shambani kwa babu

Nje kidogo ya Eldoret, kwenye shamba la marehemu babu, kuna nyumba ya mawe ambayo kijiji kizima huiita nyumba ya Kaburu. Babu alikuwa na hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Kampuni ikalinunua shamba la mlowezi na kuwagawia wanachama. Tulipoanza mirathi yake, baba zangu wadogo walitaka kujua kama nyumba ile imo ndani ya hatimiliki yake au ilibaki mali ya kampuni. Kazi ya kufuatilia nikapewa mimi.

Kwa msajili wa ardhi wa kaunti, upekuzi wa kawaida huonyesha mwenye ardhi wa leo tu. Ukitaka waliomtangulia, omba nakala ya kadi ya kijani. Kadi hiyo ina sehemu tatu: maelezo ya ardhi, wamiliki kwa mfuatano, na madeni au vizuizi. Kwenye yetu, mmiliki wa kwanza ni kampuni, wa pili ni babu, jina lake limeandikwa kwa mkono na wino umefifia. Nyuma ya hapo hakuna kitu, kwa sababu kadi hizi zilikuja na sheria ya usajili wa ardhi ya 1963.

Wazee walimkumbuka Kaburu kwa jina la utani, na jina la utani halimo katika daftari lolote. Kinachokuvusha ni namba ya L.R. (Land Reference), yaani namba ya kutambulisha kipande cha ardhi. Kila shamba la walowezi lilipewa yake, na wamiliki walibadilika huku namba ikibaki. Hata Eldoret yenyewe ilianza na posta iliyojengwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na wapo wanaouita mji huo 64 hadi leo. Yetu nilionyeshwa na soroveya kwenye ramani ya mgawanyo, imeandikwa kwa herufi ndogo kando ya mpaka.

Nikaenda nayo Nairobi, kwenye faili za zamani. Karatasi ya kwanza ni ukodishaji wa miaka 999 kutoka kwa Serikali ya Kifalme, chini ya sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915. Hiyo karatasi iliniuma. Inaanza kana kwamba uwanda ule haukuwa na mtu, ilhali Wamaasai wa Uasin Gishu waliishi pale, na Wanandi walikuwa wakilisha ng'ombe. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, aliuawa 1905, na mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ukafika. Anayefuatilia umiliki wa shamba la huku asiishie kwenye karatasi. Akae pia na wazee.

Jambo lililonichukua muda zaidi ni hili: hati huijua ardhi, nyumba haiijui. Hakuna mahali palipoandikwa ilijengwa lini. Nilichokipata ni mikopo ya benki iliyosajiliwa juu ya shamba, na mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mingine yote. Nadhani ndio uliojenga, kwa sababu mmiliki aliyefuata alilinunua shamba kwa bei ya juu sana. Matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la Serikali yalinisaidia kuunganisha majina, na katika Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, nikasoma ripoti za mwaka za wilaya ya Uasin Gishu.

Jibu la baba zangu wadogo lilitoka kwenye ramani ya msajili, soroveya alipotafuta vigingi vya mpaka. Nyumba yote iko ndani ya kipande cha babu. Tangi la maji la mawe lililo nyuma yake liko nje, kwenye sehemu ambayo kampuni iliwaachia wanachama wote. Tumekubaliana nyumba iingie kwenye mirathi, na majirani waendelee kuchota maji.