Kabla ya kumfutia mtoto matokeo

Desemba 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania liliwafutia matokeo ya darasa la saba watahiniwa 2,194 kwa udanganyifu na kufungia vituo 24. Watoto hao walipewa nafasi ya kurudia mtihani mwezi huohuo, na hilo lilikuwa jambo la haki, kwa sababu mtoto wa darasa la saba hana uwezo wa kufungua bahasha iliyofungwa wala wa kumshawishi msimamizi ageuze uso.

Nafundisha shule ya msingi mkoani Tabora, katika vijiji vya tumbaku, ambako msimu wa kilimo huwaondoa watoto darasani kwa majuma mengi. Mwalimu mkuu anajua fika kwamba baadhi ya watahiniwa wake hawasomi vizuri, lakini kwenye kikao cha tathmini cha wilaya ataulizwa asilimia ya ufaulu tu, na shule ikishika mkia anaweza kuvuliwa madaraka mbele ya wenzake. Hapo ndipo wazazi wanapoombwa mchango wa chakula cha wasimamizi (mchango ambao mzazi yeyote ana haki ya kuukataa), na ndipo herufi za majibu zinapopita mkono kwa mkono. Tangu 2012, darasa la saba walipoanza kujibu maswali ya kuchagua kwenye fomu zinazosahihishwa na mashine, kazi hiyo imekuwa rahisi zaidi, kwani kipande kidogo cha karatasi kinatosha darasa zima.

Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Niliufurahia uamuzi huo, ingawa huku chini orodha za kupanga shule kwa ufaulu bado zinabandikwa ukutani na kusomwa kwa sauti vikaoni.

Naomba halmashauri zetu zimpime mwalimu mkuu kwa mahudhurio na kwa idadi ya watoto wanaomaliza darasa la pili wakijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Naomba pia udanganyifu unapothibitika, uchunguzi uanze kwa msimamizi, mwalimu na ofisa aliyeshika bahasha, hatua zilizochukuliwa dhidi yao zitangazwe hadharani kama yanavyotangazwa matokeo yaliyofutwa, na mtoto arudie mtihani wake mapema ili asikose kuanza kidato cha kwanza Januari.