Kitanda kwanza, mashua baadaye

Mwanangu alikuwa anakaribia miaka mitatu nilipomkuta ameukalia ukingo wa kitanda chake cha uchanga, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nilimpima kimo siku ileile: sentimita 91. Madaktari wa watoto Marekani hushauri mtoto aondolewe kwenye kitanda cha vizuizi akifikisha sentimita 89 hivi, kwa sababu tangu hapo anaweza kuukwea ukingo akaanguka. Kitanda kipya kikawa lazima. Nilipomuuliza angependa kulala kwenye kitanda cha namna gani, hakufikiri hata kidogo. "Mashua, mama. Yenye tanga. Mimi ndiye nahodha."

Sikuwahi kutengeneza hata kigoda. Lakini kitanda hiki nilitaka kukitengeneza kwa mikono yangu, na hamu hiyo haikunitoka hata nilipoanza kuelewa ukubwa wa kazi. Nilichora mashua nzima kwenye karatasi, kuanzia omo, yaani mbele yake, hadi tezi, yaani nyuma, nikaipeleka kwa mzee mmoja jirani, seremala aliyekwisha kustaafu. Aliitazama kwa makini, akaigeuza karatasi upande wa nyuma, akachora mstatili mtupu.

"Binti yangu, tengeneza kitanda kwanza. Mashua utakivisha baadaye."

Kisha akanionyesha uzito unakopita. Godoro hulalia chaga, zile mbao nyembamba za kukingama, chaga hulalia kipande cha mbao kilichofungwa ndani ya mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, mifumbati hushikwa na matendegu, yaani miguu ya kitanda, na matendegu hukanyaga sakafu. Vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni, huzuia vyote visiyumbe. Mtoto wa umri ule kitandani halali tu, anarukaruka, na ni njia hiyo ndiyo inayopokea kishindo chote. Omo, tezi na mbavu za mashua hazibebi chochote. Ukizikata vibaya au ukizing'oa kesho, kitanda kinabaki kimesimama. Mimi nilikuwa nimewaza kinyume chake kabisa: umbo la mashua kwanza, mahali pa kulala ndani yake.

Godoro nililinunua kabla ya mbao, la sentimita 70 kwa 140, na mbao nikazikata kwa kulifuata lenyewe, si maandishi ya kwenye lebo yake. Pengo kati ya godoro na ubao halipaswi kupitisha vidole viwili, maana mtoto mdogo anaweza kunasa pale. Msumeno nao hula milimita mbili tatu kila mkato, kwa hiyo mzee alinifundisha kuchora mstari wa kipande cha pili baada ya kukata cha kwanza, kamwe si vyote kwa pamoja. Fremu ilipokamilika tulipima kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja kisha wa pili. Urefu ukiwa uleule, pembe zote nne zimekaa sawa. Nafurahi mpaka leo nikikumbuka futi ilivyosoma namba ileile pande zote mbili.

Chaga zilikuwa 11, kila moja upana wa sentimita 7, na kati yake sentimita 6. Nilikata kipande cha ubao cha sentimita 6 kiwe kipimo, nikawa nakisogeza kutoka pengo hadi pengo bila kushika futi tena. Kila skrubu ilitanguliwa na tundu jembamba, la sivyo ubao hupasuka, hasa karibu na ncha.

Mashua yenyewe tuliijenga kwanza kwa maboksi. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mwanangu aliingia, akakaa, akaagiza: omo ishuke ili aone nje, usukani uje karibu na mkono wake, na madirisha ya duara yawepo pande zote mbili. Nilikata maboksi mpaka akaridhika, ndipo nikayalaza juu ya plaiwudi na kuchora kwa kuyafuata.

Madirisha yalinifanya nisimame kidogo. Tundu ambalo mwili wa mtoto unapenya miguu ikitangulia, lakini kichwa kinakwama, ni hatari ya kifo. Kanuni za usalama za Marekani haziruhusu mianya ya kizuizi cha kitanda cha ghorofa kufikia upana wa sentimita 9, kwa sababu hiyohiyo. Sikutoboa. Nilipaka duara za buluu zenye mzingo mweupe, na nahodha akazikubali. Tanga nalo nililipigilia ukutani kwa vipande vya mbao, mbali na kitanda, bila mlingoti na bila kamba hata moja, maana kamba ndefu karibu na shingo ya mtoto aliyelala haina mahali nyumbani kwangu. Vitanda vingi vya mapambo ninavyoviona vimefikiriwa kwa ajili ya picha, na hilo linaniuma. Anayelala humo hajui kujinasua gizani.

Msasa ulichukua muda kuliko kukata: namba 80, kisha 120, kisha 180, na kila kona niliiviringisha mpaka ikawa butu. Mzee alinipa mbinu ya soksi kuukuu. Unaivaa mkononi na kupapasa ubao wote, inaponasa pana kibanzi. Mwanangu aliifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, akiniita kila soksi iliposhikwa. Rangi nilichagua ya maji, isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa nilijua ukingo wa omo utatafunwa. Na ulitafunwa. Tuliacha madirisha ya chumba wazi mpaka harufu ikaisha kabisa kabla godoro halijaingia.

Plaiwudi ya mashua niliifunga kwa bolti badala ya gundi, vichwa vyake vikazama ndani ya ubao. Kizuizi cha pembeni, cha kumkinga asidondoke, nacho kilikuwa cha bolti, nikakiweka upande wa omo ambako nilitarajia kichwa chake kitakuwa.

Usiku wa kwanza alipanda, akapanga midoli yake yote omo, akatangaza kwamba hao ni abiria na nahodha hulala tezi. Nilijaribu kumgeuza. Alikataa katakata. Basi nikaleta spana, baba yake akashika taa, tukafungua bolti nne na kukihamishia kizuizi upande wa tezi huku yeye akiwa amekaa humohumo, akituelekeza.