Mkunga mwenzangu, tazama paa la kinywa

Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, wodi nzima inajua, na rufaa ya Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, inaandikwa siku hiyohiyo. Anayeninyima usingizi ni yule mwenye mdomo mzuri kabisa, ila paa la kinywa chake halikufunga. Huyo anaruhusiwa kwenda nyumbani, kadi yake imeandikwa mzima.

Niliwahi kumpokea binti aliyevuka ziwa kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na mtoto wake wa kwanza, amekonda, ngozi ya mapaja imelegea. Mama mkwe alishamwambia maziwa yake ni mepesi. Jirani alishauri mtoto akakatwe kimeo. Nikamuuliza, "Akinyonya, maziwa yanamtoka puani?" Akasema, "Ndiyo dada, kila mara, nikadhani anapaliwa." Nikavaa glavu, nikawasha tochi, nikaubonyeza ulimi. Ufa ulianzia kwenye kaakaa gumu, yaani sehemu ya mbele ya paa la kinywa yenye mfupa, ukaenda mpaka nyuma, na kimeo chenyewe kimegawanyika pande mbili. Wembe ungefanya nini pale zaidi ya kuongeza damu na vijidudu?

Mdomo na kaakaa havijengwi kwa wakati mmoja. Mdomo wa juu, pamoja na kipande cha mbele cha kaakaa kinachobeba meno manne ya juu, hukamilika karibu na wiki ya 7 ya mimba, ukihesabu tangu kutunga. Sehemu kubwa iliyobaki ndiyo kwanza inaanza. Vibamba viwili vya nyama huota kutoka pande za taya la juu na kuning'inia kushoto na kulia kwa ulimi, kama mabawa ya dirisha la mbao lililoachwa wazi. Kinywa na pua bado ni uwazi mmoja, na ulimi umeujaza. Kisha taya la chini linakua, ulimi unashuka, na mnamo wiki ya 8 vibamba vinanyanyuka na kulala juu yake. Vinakutana katikati na kushikana, kuanzia mbele kwenda nyuma. Kimeo hufungwa mwisho, karibu na wiki ya 12.

Taya la chini likichelewa kukua, ulimi unabaki juu na kuzuia vibamba visikutane. Mtoto wa namna hiyo huzaliwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma. Ukimwona, angalia upumuaji wake kwanza, maana akilala chali ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

Mama wengi wa huku hufika kliniki mara ya kwanza kazi hiyo yote imeshakwisha. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mzazi anaulizwa alimcheka nani hata akazaa mtoto mwenye ufa.

Yule binti alikuwa na maziwa tele. Mtoto akivuta, hewa inaingia kupitia puani, kwa hiyo mvuto haupatikani. Tukamfundisha kukamua na kumlisha kwa kikombe kidogo, mtoto ameketishwa wima, acheuliwe mara kwa mara, uzito upimwe kila wiki. Akanenepa.

Kumlisha hakumalizi shida. Kaakaa laini ni misuli: tukimeza linapanda na kufunga njia ya puani, na msuli wake mmoja hufungua mrija unaopeleka hewa kwenye sikio la kati. Msuli huo usipofanya kazi vizuri, majimaji hujaa sikioni na mtoto hasikii sawasawa. Halafu maneno. M, n na ng' hupitishia hewa puani kwa kawaida, hivyo hayamsumbui sana. Lakini b, p, t na k yanataka njia hiyo ifungwe. Bila kufungwa, anapomwita baba inasikika kama mama. Kwa hiyo kaakaa hushonwa mapema, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, kabla matamshi hayajazoea njia mbaya.

Wakunga wenzangu wa Ukerewe, Sengerema na kote mwambaoni mwa Ziwa Viktoria, tochi peke yake haitoshi. Kuna ufa uliofunikwa na utando wa kinywa: utando unaouona umeungana, ila misuli na mfupa vilivyo nyuma yake havikuungana. Pitisha kidole taratibu katikati ya kaakaa gumu mpaka ukingo wake wa nyuma. Ukikuta pengo kwenye mfupa, au kimeo chenye ncha mbili, mwandikie rufaa kabla hujasaini kadi.