Steki kwenye jiko la udongo: moto unaendeshwa kwa mlango wa jivu

Jiko ninalotumia ni lile la bati lenye kiuno: juu bakuli la udongo uliochomwa, chini chumba cha jivu chenye mlango mdogo. Lilianzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wamelifanya la kila nyumba. Langu lina mdomo wa sentimita 35, ukubwa wanaopenda mama lishe. Lile dogo la sentimita 25 linaivisha chai na maharage vizuri, lakini kwa steki halina nafasi ya kutenga upande usio na moto, na bila upande huo njia hii haiwezekani.

Wengi wanalichomea nyama kama wanavyochomea jiko la bati tupu: mkaa tele, mlango wazi, halafu pepea. La bati likizidi moto unachota makaa mawili matatu na limepoa. La udongo haliko hivyo. Udongo ukishashiba joto unaendelea kulitoa hata ukipunguza makaa nusu nzima, na nyama iliyo juu yake inaungua nje huku ndani bado mbichi. Ndiyo maana moto wake naupandisha polepole. Ukipitiliza, hesabu dakika 20 za kusubiri, na nyama haisubiri.

Kabla ya moto, bucha. Dar ukiomba "steki" utapimiwa nyama yoyote isiyo na mfupa, mara nyingi ya paja, ambayo ni ya mchuzi. Taja sehemu: sarara, au nyama ya mgongo yenye ukanda wa mafuta pembeni. Mimi nachagua ya mgongo, kwa sababu sarara haina mafuta kabisa na kosa la dakika moja tu linaikausha. Usimruhusu muuzaji akukatie kwa panga juu ya gogo. Vipande vitatoka upande mmoja vinene, mwingine vyembamba, na haviwezi kuiva pamoja. Chukua pande zima la kilo moja, likate nyumbani kwa kisu kikali, ukikatisha nyuzi, unene wa sentimita 3. Utapata steki tatu za gramu 330 hivi.

Usiichome siku hiyo. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kuuzwa asubuhi bado imekakamaa, na hakuna moto wa kuilainisha. Iweke kwenye friji siku 3 hadi 4, juu ya wavu na sahani chini yake, bila kuifunika. Vimeng'enya vya nyama yenyewe vinalegeza nyuzi, na uso unakauka, kitu tunachokihitaji baadaye. Ng'ombe wetu wa nundu analainika polepole kuliko ng'ombe wa kizungu, kwa hiyo siku hizo si anasa. Mwenye haraka anaweza kupaka papai bichi lililosagwa, lakini kwa nusu saa tu, kisha alifute lote. Likilala usiku kucha, uso wa nyama unageuka uji.

Chumvi naipaka usiku wa mwisho: nusu kijiko cha chai kilichojaa kidogo kwa kila steki, pande zote mbili. Kama umesahau, paka sekunde chache kabla ya kuiweka motoni. Wakati mbaya kuliko wote ni dakika 10 hadi 30 kabla, maana chumvi inakuwa imeshavuta maji juu na haijapata muda wa kurudi nayo ndani. Nyama yenye maji haibabuki, inachemka. Ndimu ni ya mezani. Ukiikamulia mapema, asidi inaigeuza nyama rangi ya majivu kabla haijaona moto.

Ukanda wa mafuta upunguze ubaki nusu sentimita, na uchanje mara tatu mpaka ufike kwenye nyama. Chini ya mafuta hayo kuna utando mgumu unaojikunja kwa joto. Usipoukata, steki inapinda kama bakuli na katikati haigusi wavu.

Sasa mkaa. Gonga vipande viwili: mkaa wa mgunga au mti mwingine mgumu unalia kama chuma, ule wa mwembe unatoa mlio mfu, unarusha cheche na kwisha haraka. Kwa steki tatu natumia lita 4 za mkaa kwa kipimo cha ndoo, karibu kilo moja, vipande vya ukubwa wa yai. Chenga za chini ya gunia zinaziba matundu, ziache. Na usiwashe kwa mafuta ya taa. Udongo unayanywa, kisha unayatoa kidogo kidogo kwenye chakula chako, leo na kesho. Mifuko ya plastiki ndiyo mibaya zaidi. Vipande viwili vya kifuu cha nazi au magunzi makavu matatu yanatosha.

Washa nje, au mahali penye hewa inayopita kweli. Mkaa unaowaka ndani ya chumba unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

Mlango wa jivu uwe wazi kabisa kwa dakika 25, hadi makaa yote yafunikwe na jivu jeupe. Halafu ongeza dakika 10 za kuusubiri udongo: gusa bati upande wa nje kwa haraka, likiwa la moto mzingo wote, bakuli limeshiba. Ukiruka hatua hii udongo baridi unayanyonya joto makaa ya pembeni, yanazimika katikati ya kazi. Kisha sukuma makaa yote upande mmoja kwa koleo. Matundu yaliyobaki wazi yafunike kwa kigae cha chungu kilichovunjika. Kigae kinafanya kazi mbili: kinazuia hewa ya bure kupita upande usio na moto, na kinapokea mafuta yanayodondoka, ambayo yangeangukia kaa yangewaka na kuacha masizi kwenye nyama.

Juu ya mafiga weka wavu wa chuma wa sentimita 40. Usitumie waya wa kuku au wa dirishani. Umepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu.

Hapo ndipo ninapolifanyia jiko la udongo kile ambalo halikutengenezewa, yaani mfuniko. Yale majiko ya kuba yenye asili ya Japani, kamado, yana matundu mawili ya hewa, chini na juu, na ndiyo siri yao. La kwetu lina la chini tu. La juu nalitengeneza kwa sufuria ya sentimita 28 iliyogeuzwa, ikifunika steki zilizo upande usio na makaa, na ukingo wake mmoja nimeuinua kwa bolti nene kama kidole. Ukiilaza sufuria bila upenyo, hewa haipiti, moto unanyong'onyea na moshi mchungu unabaki ndani na nyama. Nimekula steki yenye ladha ya dohani kwa sababu ya bolti iliyoteleza, kwa hiyo siku hizi naitazama kila nikigeuza.

Mlango wa jivu sasa uwe na upenyo wa vidole viwili. Geuza steki baada ya dakika 6, ubadilishe pia upande unaotazama moto. Kati ya dakika 12 na 15 kitovu kinafika nyuzi 48. Pima kwa kipimajoto cha sindano, ukikichoma ubavuni hadi katikati, si kutoka juu. Kipimajoto chenyewe kijaribu kwenye maji ya barafu, kisome 0. Maji yanayochemka yanakudanganya ukiwa bara: Dar yanachemka kwa 100, Nairobi kwa 94 hivi, na mtu anatupa kifaa kizima kabisa.

Kwenye 48, toa steki, zifunike kwa sahani. Ondoa sufuria, fungua mlango wote, pepea kwa kipande cha boksi dakika mbili. Weka kiganja usawa wa wavu: ukishindwa kuvumilia sekunde 2, moto uko tayari. Futa nyama kwa kitambaa safi, kisha iweke juu kabisa ya makaa, sekunde 60 upande mmoja, geuza, 60 nyingine, uendelee kugeuza hivyo hadi kitovu kisome nyuzi 60. Ukanda wa mafuta usimamishe kwa koleo sekunde 20. Moto ukiruka, funga mlango na uisogeze nyama. Maji usimwage, yanarusha jivu juu ya steki na kuupasua udongo.

Pumzisha dakika 5 hadi 8. Joto la nje linaendelea kuingia na kitovu kinafika 63 au zaidi kidogo. Hapo ndipo ninapoishia kwa makusudi. Najua wapo wanaoitoa kwenye 54 ikiwa bado nyekundu, lakini nyama ya ng'ombe inaweza kubeba lava wa tegu, na nyuzi 63 pamoja na dakika 3 za kupumzika ndicho kipimo kinachotambulika kuwa salama kwa pande zima. Kwenye 63 bado ina rangi ya waridi na maji yake. Kwa ng'ombe wa malisho asiye na mafuta ndani ya nyama, kila nyuzi zaidi ya 68 unailipia kwa kutafuna.

Mara nyingi nyama inayokataa kubabuka uso haina shida ya moto, ina maji. Ikibabuka kabla ya kuiva, ulianza na makaa mengi, au hukusubiri mlango ulioubana uutulize udongo. Ikiwa moto haukusikii hata mlango ukifungwa, angalia saruji kati ya bakuli na bati. Nyufa nyembamba za udongo wenyewe hazina neno, lakini bakuli likicheza, hewa inapita pembeni na mlango hauna amri tena. Peleka kwa fundi abadilishe bakuli, bati linaweza kubaki lile lile.

Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe lenye mfuniko unaobana, yazimike kwa kukosa hewa. Yanawaka tena kwa dakika chache kesho yake, na kwa chapati yanafaa kuliko mkaa mpya.