Kilo ngapi, kwa watu wangapi?

Kila bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanapokupwa na mwamba kubaki wazi, wanawake wa vijiji vya kusini mwa Unguja hushuka na michokoo yao kutafuta pweza, na wanaporudi bwana diko, msimamizi wa mahali samaki wanaposhushwa, huandika kilo zilizopimwa. Siku moja nilimwomba bwana diko mmoja anioneshe daftari lake. Lilikuwa na tarehe, aina ya samaki, kilo na bei. Safu ya idadi ya wavuvi haikuwamo, wala ya muda waliokaa mwambani.

Bila safu hizo mbili sioni namna ya kujua kama uvuvi huu utadumu. Chukulia wavuvi 10 wamerudi na kilo 40, na miaka michache baadaye wavuvi 20 wakarudi na kilo zile zile 40: daftarini hakuna kilichobadilika, ilhali kila mmoja sasa anapata nusu. Tena pweza wakiadimika karibu, vijana wenye miwani na mikuki huzamia mbali zaidi, jumla ikabaki pale pale, na anayerudi mikono mitupu ni mama aendaye mwambani kwa miguu.

Kipimo kingine ni uzito wa pweza mmoja mmoja. Pweza hukua upesi na maisha yake ni mafupi. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai hadi yaanguliwe, kisha hufa, kwa hiyo anayenaswa mapema hajaacha kizazi. Ndiyo maana kanuni za Tanzania Bara hukataza pweza wa chini ya gramu 500, na ndiyo maana Kisiwa Panza, huko Pemba, wakaamua kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, utaratibu uliojaribiwa Andavadoaka, Madagaska, tangu 2004.

Hata hivyo, siku ya kufungua mwamba hudanganya kuliko zote. Watu hujaa, mizani haipumziki, picha hupigwa (nami nimepiga zangu), na kilo za siku hiyo huingia kwenye ripoti kuwa ndizo mafanikio. Mimi ningetaka kilo za bamvua la tatu baada ya hapo, zilinganishwe na zile zilizokosekana wakati mwamba umefungwa, kwani hasara hiyo humwangukia zaidi asiye na chombo.

Nilimchorea bwana diko safu mbili kwa rula. Ya wavuvi anaijaza. Ya saa aliikataa, kwa kuwa hakuna ashukaye na saa mkononi. Siku hizi huandika humo "maji kamili" au "nusu maji".