Wali uliolala

Leo asubuhi nimeanzia kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Watu wakiniona mimi, bwana afya wa jiji, sufuria zinaanza kufichwa. Mama huyu hakuficha kitu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu chai."

Kwenye hotpoti kulikuwa na wali wa jana. Nikachomeka kipimajoto: nyuzi 38. Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya 60, na wali ndio unaonitia hofu zaidi, maana kuna sumu ya vijidudu ambayo hata ukiupasha moto haitoki.

"Mbona haunuki, mwanangu?"

Swali hilo nakutana nalo kila wiki, na linaniuma, kwa sababu ni la mtu mkweli. Haunuki, mama. Wala ladha haibadiliki.

Aliumwaga mwenyewe. Mkono ulikuwa unatetemeka. Ule ulikuwa mtaji wake wa leo. Sikumwandikia faini. Nilikaa naye karibu saa nzima tukipanga apike kidogo kidogo, wali usilale. Wengine wataniona mlegevu, lakini mimi nataka watu wale chakula salama na yeye aendelee kuuza.

Kesho mchana napita tena. Ameniahidi ndoo yenye koki na sabuni pale mlangoni.