Doa jeupe, doa jeusi

Doa baya kuliko yote kwenye meza yetu nimelitia mwenyewe, nikihangaika kuondoa jingine.

Mgeni alitua birika la moto juu ya meza tupu. Lilipoinuliwa, pakabaki duara jeupe kama ukungu kwenye kioo. Alipoondoka tu nikachukua msasa, nikasugua kama ninayedaiwa. Ukungu ukatoka, vanishi nayo ikatoka, pakabaki kiraka kikavu katikati ya meza inayong'aa.

Seremala niliyemwita aliuliza swali moja tu: "Lilikuwa jeupe au jeusi?"

Jeupe, akanieleza, ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Mbao yenyewe haijaguswa. Kazi ni kuutoa unyevu, vanishi uiache mahali pake. Jeusi ni habari nyingine: maji yamepenya hadi kwenye mbao, na mara nyingi tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, imekutana na chuma, mathalani kopo lenye kutu lililolala hapo limelowa. Hilo halitoki kwa kufutafuta. Vanishi hubanduliwa, mbao ikapaushwa kwa asidi ya oksaliki (vaa glavu, ni sumu), kisha ikapakwa upya. Hiyo nampa fundi.

Mara ya pili ilikuwa glasi ya maji iliyolala mezani. Nikatandika kitambaa kikavu cha pamba, nikapitisha pasi isiyo na maji ndani, moto wa chini kabisa. Sekunde chache, nainua, natazama. Usiiache pasi itulie, utapata doa jipya. Nilipoipitisha mara ya nne duara likaanza kufifia. Alama iliyobaki nikaipaka mafuta ya mgando, nikaenda kulala. Asubuhi nikafuta, na ilinibidi niiname dirishani ndipo niione.

Spiriti pia husifiwa. Niliijaribu kwanza chini ya meza, pasipoonekana, na kidole kikanata: kumbe vanishi ya meza hii ni shelaki, aina ambayo huyeyuka kwa spiriti. Ndiyo maana meza hii haistahimili hata joto la kikombe. Nikaifunga chupa. Dawa ya meno nayo ni msasa laini tu, na mimi na msasa tumeshaachana.

Kile kiraka bado kipo. Nimekifunika kwa kitambaa, na kila mgeni hukisogeza kando kwanza, asije akakichafua, ndipo atue kikombe.